Jinsi ya Kulowa kwa Ustadi: Baiskeli, Masika na Barabara ya Ipole

Kwanza, chagua mwezi mbaya. Juni au Julai hata mgeni atatoka Ipole kwa baiskeli na kufika Tabora mjini akiwa msafi: ardhi ngumu, anga jeupe, baridi ya alfajiri imeshakatika kabla hajanywa chai. Safari hiyo haihitaji mwongozo. Hapa tunazungumzia Januari na Februari, katikati ya masika yanayoanza Novemba na kukata Aprili, wakati wingu linakutokea upande wa Rungwa ukiwa porini kabisa na duka la mwisho umeshaliacha nyuma. Ulaya waendesha baiskeli wa masafa marefu husifiana kwa kuvuka theluji. Unyamwezini theluji hakuna. Kuna tope jeusi la mbuga, kuna mbung'o, na kuna gunia kwenye karia.

Ujue pia kwamba unafanya jambo ambalo mabingwa wa njia hizi walilikwepa. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, hadi Bagamoyo katika karne ya 19, walizoea kuondoka mavuno yakiisha na kurudi mapema wawahi kulima. Mtu aliyetembea na mzigo wa kilo 30 hivi begani, miezi kadhaa, alijua mvua inamfanya nini binadamu. Msafiri Mzungu Henry Stanley aliondoka Bagamoyo mwaka 1871 masika yakiwa mlangoni, na bonde la Makata likamfundisha: matope, homa, punda na watu wakaanguka njiani. Wenye njia yao wangeweza kumwambia bila malipo.

Lakini mgonjwa hasubiri Mei, wala ada ya shule. Kwa hiyo watu wa Ipole wanaendesha. Kijiji chao kipo wilaya ya Sikonge, pale barabara inapogawanyika, moja ikielekea Koga na Mpanda, nyingine Rungwa na hatimaye Mbeya. Kutoka hapo hadi Sikonge mjini, kisha kilometa 70 hivi mpaka Tabora, kuna watu wanaokanyaga na ndoo za asali, magunia ya mkaa au ya mahindi, na hakuna anayewasubiri mwisho wa safari kuwavisha nishani. Kwangu mimi hao ndio waendesha baiskeli wa masafa marefu wa nchi hii, na mwongozo huu umetoka kwenye ufundi wao.

Baiskeli iwe nzito. Phoenix ya chuma, yenye karia iliyochomelewa upya na fundi, inapinda mahali ambapo baiskeli nyepesi inavunjika, na kila kijiji kina mtu wa kuinyoosha. Udhaifu wake ni breki. Rimu za chuma zikilowa, mpira wa breki unateleza juu ya maji na baiskeli inaendelea na safari zake. Kwa hiyo ukiona mteremko mbele, anza kuminya breki kidogo kidogo ukiwa bado juu, mpira ufute maji kwenye rimu, ndipo ushuke. Ukisubiri hadi umfikie ng'ombe, mtakutana.

Madigadi ya mbele yang'oe kabla ya kuingia njia za mbuga. Udongo mweusi wa huko ukilowa hushika tairi, hupanda, hujaa chini ya madigadi, na baada ya hatua ishirini gurudumu halizunguki tena. Chonga kijiti kigumu, kifunge kwenye fremu kwa kipande cha mpira wa ndani, ukitumie kukwangua. Na jifunze kushuka. Nalisema hili kwa uzito kuliko yote: anayeendesha vizuri wakati wa masika hutambulika kwa wepesi wa kushuka na kusukuma kabla tope halijamshusha. Nguvu anayoimaliza mkaidi kwenye mita mia za tope ingemfikisha kijiji cha pili.

Kwenye chakula ndipo Unyamwezi umetangulia dunia. Wauzaji wa vyakula vya wanamichezo hufunga sukari kwenye pakiti ndogo zinazong'aa. Wewe fungasha matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa. Hayaozi, hayavunjiki, na unaweza kuyatafuna huku unakanyaga. Ongeza karanga za kukaanga na chupa ndogo ya asali ya miombo. Kula kabla njaa haijaja, kidogo kila mara, kwa sababu mwili uliolowa unachoma chakula ili ujipashe joto.

Na baridi ipo, asikudanganye mtu wa pwani. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua ya saa nzima ikifuatwa na upepo, na wewe umesimama kuziba pancha huku shati limegandamana mgongoni, vidole vinakataa kushika kiraka. Funga shati kavu na kiberiti ndani ya mfuko wa nailoni, uweke chini ya kila kitu. Usilivae shati hilo njiani. Livae ukifika chini ya paa. Paa lenyewe lipo: simama nje ya mji wa mtu, ushushe mguu, sema, "Shikamoo mayo," yaani mama, "naomba kujikinga mvua." Utakaribishwa hadi jikoni kwenye moto. Radi ikipiga, omba nyumba, usiende chini ya mti mrefu.

Mvua ikikatika watakuja mbung'o. Wanafuata kitu kinachotembea, na wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Acha jezi ya bluu nyumbani, vaa kaki. Ukiugua homa isiyoeleweka wiki chache baada ya safari, mwambie daktari kwamba ulipita pori la mbung'o, ili malale yasisahaulike.

Maji yakivuka barabara, usiyaamini hata kama jana ulipita hapo. Simama, uone wengine wanavyovuka, usukume baiskeli upande yanakoelekea maji, yasikubwagie mzigo juu yako. Yakizidi magoti, lala kijijini.

Lami imeondoa tope kwenye sehemu kubwa ya safari, na ni neema. Imeleta pia malori na mabasi yenye haraka, mvua ikinyesha, giza likiingia, mwendesha baiskeli akiwa na gunia pana kuliko bega lake. Hapo naomba bila mzaha. Bandika kiakisi mwanga nyuma ya gunia, siyo nyuma ya karia ambako gunia linakificha. Nawe dereva, ukiona kitu kinachoyumba mbele, punguza mwendo na umpishe upana wa mlango wa gari uliofunguliwa wazi. Upepo wa basi peke yake unatosha kumwangusha mtu mwenye kilo 100 nyuma. Halmashauri nazo zifyeke pembezoni mwa lami kabla nyasi za Februari hazijamsukuma mtu huyo katikati ya barabara.

Ukifika Tabora, kula, lakini usilale bado. Pindua baiskeli, mwaga maji safi kwenye cheni, ifute, itie oili mpya. Oili chafu ya gari hung'ang'ania mchanga. Fungua habu zote mbili, futa gololi, weka grisi. Ukiliahirisha hilo hadi asubuhi, kutu itakuwa imeshaingia, na fundi wa sokoni atakuuzia habu nzima kwa bei ya mtu asiye na njia nyingine ya kurudi Ipole.