Sifa za Doa la Mafuta

Moshi una washairi wake, na jasho lina wanasiasa wanaolisifu kila Mei Mosi. Doa la mafuta halina mtu. Likitua kwenye shati linaitiwa sabuni, likitua kwenye daftari linaitiwa mwalimu, na mwalimu huja na kelele zake. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Kelele hizo nimezipiga kwa miaka, na leo nimekuja kuomba radhi hadharani. Nalisifu doa la mafuta, tena si doa lolote, bali lile linalozaliwa katika shule ya sekondari ya Kiyahudi huko New Jersey, Marekani, wiki ya mwisho kabla ya likizo ya majira ya baridi.

Asiyeijua wiki hiyo aelezwe. Shule yetu ni shule mbili ndani ya jengo moja. Asubuhi ni sala, Torati, mijadala ya marabi wa kale iitwayo Talmudi, na Kiebrania. Mchana ndipo inapofika zamu ya watu wa hesabu, kemia na historia ya Marekani, ambao baadhi yetu si Wayahudi. Mimi huwapokea wanafunzi wakiwa wameshashinda na marabi wa karne ya pili, wakibishana nao kuhusu ng'ombe aliyempiga pembe ng'ombe mwenzake. Kengele ya mwisho inalia karibu saa kumi na moja jioni, na Desemba jua la huko linazama saa kumi na nusu. Watoto wanakuja na baridi, wanaondoka na giza.

Juu ya hayo inaingia Hanuka, siku nane. Sala ya asubuhi inaongezewa zaburi za shukrani na usomaji wa Torati, kipindi cha kwanza kinakula cha pili, na jioni watoto wanawasha mishumaa ukumbini juu ya meza iliyotandikwa foili. Ratiba ya masomo inabaki ukutani kama picha ya marehemu: kila mtu anaiheshimu, hakuna anayetarajia kitu kwake.

Halafu wanakula. Hanuka ni sikukuu ya mafuta hasa. Wamakabayo, wapiganaji wa Kiyahudi, walipolikomboa Hekalu la Yerusalemu mikononi mwa Waseleuko mwaka 164 kabla ya Kristo, Talmudi inasimulia, walikuta chupa moja tu ya mafuta safi, ya kutosha siku moja, nayo ikawaka siku nane. Kwa heshima ya chupa hiyo hukaangwa kila kinachokaangika. Kuna latke, viazi vilivyoparuzwa na kitunguu vikapigwa bapa. Na kuna sufganiya: andazi la mviringo lisilo na tundu, jamu tumboni, sukari ya unga kichwani. Mswahili akiliona haulizi hiki ni nini. Anauliza chai iko wapi.

Hapo ndipo doa linapozaliwa, na naanza na sifa yake ya kwanza, ustahimilivu. Mafuta ya Hekalu yaliwaka siku nane, na watu wameyafanyia sikukuu kwa zaidi ya miaka 2,100. Doa la sufganiya lililo kwenye kitabu changu cha kufundishia, kurasa za pembetatu, lina mwaka wa sita sasa. Halijapungua hata unywele. Limehama, naam: lilianza ukurasa mmoja, sasa liko kwenye minne, likitembea polepole kuelekea logariti. Hakuna aliyeliwashia mshumaa.

Sifa ya pili ni ukweli. Mwanafunzi ataniapia kwamba kitabu alikisoma usiku kucha. Nakifungua. Kurasa zenye doa zimesomwa, au angalau zimeliwa juu yake. Zisizo na doa zinang'aa kama siku zilipotoka kiwandani. Sijapata shahidi mwingine wa namna hiyo katika ualimu. Mzazi humtetea mtoto wake, mwenzake darasani humficha, na mtoto mwenyewe hujisahau. Doa halina ndugu.

Tena lina nuru. Karatasi ikinywa mafuta inakuwa kama kioo cha bafuni, huoni sawasawa lakini mwanga unapita. Msichana mmoja aliwahi kusoma jibu la swali la 9, lililokuwa nyuma, kupitia swali la 4, lililokuwa mbele. Alikuja kuniungamia mwenyewe. Sikumwadhibu, maana nilishindwa kupata sheria. Sheria yao inakataza kuitumia mishumaa ya Hanuka kwa kazi nyingine, ya kusoma wala ya kuhesabia fedha. Ndiyo sababu huwekwa wa tisa pembeni, mtumishi, ili mwanga ukitumika uhesabiwe ni wake. Juu ya mwanga wa doa sikuona katazo.

Mtu atasema doa halina adabu ya kalenda. Si kweli, kalenda ndiyo isiyo na adabu. Likizo hupangwa kwa kalenda ya ofisini, Hanuka inafuata mwezi. Lakini mwezi wao si kama wa Ramadhani, unaotembea mwaka mzima. Wao huongeza mwezi mara 7 katika miaka 19 ili sikukuu zisitoroke majira yake. Matokeo ni kwamba Hanuka inayumba tu, kama mlevi aliyeshika ukuta. Mwaka 2013 iliingia jioni ya 27 Novemba, mwaka 2024 jioni ya 25 Desemba, na mwaka 2026 inaingia jioni ya tarehe 4. Hanuka ya 2024 iliwakuta watoto wetu wameshafunga, nami nikapokea mitihani myeupe, mikavu, isiyo na habari yoyote. (Zipo shule za Kiyahudi zisizofunga Desemba kabisa. Hizo hungoja mwisho wa Januari, na Krismasi inawakuta watoto darasani na kalamu mkononi. Nawaonea huruma walimu wake, ila mitihani yao bila shaka ina mafuta.)

Hata kifo cha doa la huko kina heshima. Kitabu kitakatifu kikianguka huokotwa kikabusiwa, na kikichakaa hakitupwi: hufungwa pamoja na wenzake na kuzikwa makaburini. Kwa hiyo doa lililobahatika kuangukia Talmudi litazikwa kwa taratibu, wakati la kwenye mtihani wangu litaishia kwenye pipa. Kijana mmoja alinionyesha juzuu ya babu yake. Talmudi haina ukurasa wa kwanza, inaanzia wa pili, jambo lililoninyima raha kama mtu wa hesabu mpaka nikazoea. Maandishi makuu yako katikati, mfafanuzi Rashi anaeleza upande mmoja, na waliokuja baada yake wanambishia upande wa pili, mpangilio uleule tangu Daniel Bomberg alipoichapa Venice miaka ya 1520. Ukurasa wa 21 wa kitabu cha Sabato, palepale habari ya ile chupa inaposimuliwa, kulikuwa na doa la rangi ya chai, pana kama shilingi mia.

“Hayo ni maelezo ya babu,” kijana akaniambia.

Kwetu Tanga mambo yalikwenda kinyume. Huko mafuta hayakuifuata karatasi, karatasi ndiyo iliyoyafuata mafuta. Mama wauza bagia walinunua madaftari ya zamani kwa kilo, na ukitoa hela yako unakabidhiwa bagia tano ndani ya insha ya mtoto wa watu. Siku moja nikiwa darasa la saba nilifungua bagia zangu nikakuta mwandiko ninaoufahamu. Ulikuwa wangu. Mtihani wa hesabu wa mwaka uliotangulia, na swali la 7, la eneo la duara, limepigwa mkasi mwekundu. Mafuta yalikuwa yamefuta jina la mwalimu lakini ule mkasi hayakuugusa. Nilikula bagia tatu, mbili nikampa mdogo wangu pamoja na karatasi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, lile lililonigeuza. Desemba 2025 Hanuka iliingia jioni ya tarehe 14, na shule ilikuwa inafunga Ijumaa ya tarehe 19. Jumatano usiku nilijitia ukarimu. Nilikanda unga kwa tui la nazi na iliki, nikakaanga maandazi arobaini, maana nilisema moyoni: watu hawa wanasherehekea mafuta, nami ni mtoto wa mafuta. Alhamisi asubuhi rabi mmoja wa shule akanikuta kwenye korido na kontena langu. Ni mtu mpole sana. Akalifungua, akanusa, akafumba macho.

“Mwalimu, haya yananukia kuliko yetu,” akasema, “na hapo ndipo penye tabu.”

Akanieleza kwamba chakula kilichopikwa nyumbani hakiingii darasani, hata kwa wazazi wao wenyewe. Kinaingia chenye muhuri wa wasimamizi wa kosha, yaani halali yao, peke yake. Kisha akaniuliza kwa upole kile kikaango kimewahi kukaanga nini kingine. Sikuweza kumdanganya mtu mwenye ndevu kama zile. Kamba, nikasema. Jumapili tu. Na kamba kwao ni haramu sawasawa na nguruwe. Rabi akaurudisha mfuniko taratibu, kama mtu anayefunika maiti ya jirani.

Nikayarudisha maandazi kwenye mkoba. Humo mkobani ilikuwamo mitihani 22 iliyosahihishwa. Mengine unayaona.

Ijumaa ya Desemba shule hutoka mapema, kwa sababu mishumaa ya Sabato huwashwa dakika 18 kabla ya jua kuzama na watu wana safari. Kipindi changu kilikuwa cha mwisho. Mabegi yalikuwa yameshafungwa, makoti yamevaliwa, wawili wanachezesha dreideli, ile pia yao ya pande nne, juu ya kikokotozi. Hapo hata Pythagoras mwenyewe angeambiwa arudi Januari. Nikagawa mitihani nikingojea kengele kama wao.

Msichana wa mbele akainua karatasi yake dirishani. “Mwalimu, doa hili ni la nini?”

“La maandazi.”

“Yale ya kamba?”

Habari zilikuwa zimeshafika. Darasa likanyamaza, halafu likaamka. Mmoja akasema basi karatasi hii haifai. Mwingine akamjibu, nani anakula mtihani? Hatuzungumzii kula, akasema wa kwanza, tunazungumzia mtu aliyeishika kisha akashika mkate wake. Dreideli ikaanguka, hakuna aliyeiokota. Wa tatu akasimama kabisa, akaleta kanuni ya masomo yao ya asubuhi: chakula kilichoharibika hata mbwa asikile kimetoka kwenye katazo. Karatasi ya mtihani mbwa hali. Kesi imekwisha.

“Mbwa wetu alikula kazi yangu ya nyumbani mwezi wa Oktoba,” ikatoka sauti nyuma. “Nilimwambia Mwalimu, hakuniamini.”

Kesi ikafunguliwa upya. Ndipo msichana wa mbele akataja sitini. Kwao kitu kilichokatazwa kikimwagikia chakula kwa bahati mbaya, kikawa sehemu moja dhidi ya sitini za halali, kinahesabiwa kimepotea. Je, doa ni moja ya sitini ya karatasi? Nikasikia rula zinatolewa. Nathibitisha mbele ya msomaji kwamba saa sita mchana, siku ya mwisho kabla ya likizo, watoto 22 wenye makoti walitoa rula bila kuombwa.

Doa lilikuwa duara zuri, kipenyo sentimita 3.6. Nusu yake 1.8, kipeo chake cha pili 3.24, zidisha kwa pai: 10.18. Karatasi, 21.6 kwa 27.9, ni 602.64. Gawanya, unapata 59 na kidogo. Kelele zilipaa mpaka darasa la jirani likagonga ukuta. Zimekosekana nukta chache tu! Msichana akatulia akasema hata hizo 59 si sahihi, maana lazima doa litolewe kwanza, sitini ni za halali peke yake. Akapiga upya. 58.2. Kijana wa juzuu ya babu naye akauliza tunapimaje eneo wakati kanuni ni ya ujazo, na je, mafuta yamepenya unene wote wa karatasi au yameishia nusu? Wakaishikilia karatasi dirishani, vichwa vitano pamoja, kuona kama mwanga unatoka upande wa pili.

Unatoka.

Kengele ililia, watano hawakuondoka mpaka dereva wa basi alipokuja kuwafuata. Swali la 7 katika mtihani ule lilikuwa la eneo la kipande cha duara, na watoto tisa walilikosa, yule msichana akiwa mmojawao. Nimelifundisha somo hilo kwa ubao, kwa projekta na kwa pizza ya kuchora, na sijapata kuona likiingia kama lilivyoingia siku ile kwa mafuta niliyonyimwa ruhusa ya kuyaingiza mlangoni.

Nimeshaacha kupiga kelele. Lililobaki ni ombi dogo kwa msomaji wa Tanga. Ukinunua bagia na karatasi ikawa na mwandiko wa mtoto, kabla ya kuitupa iinue kwenye mwanga uangalie swali la 7. Likiwa limepigwa mkasi, mtafute mwenyewe.