Msafara wa Baba Sauda

Mume wangu akipata wazo, nyumba nzima hupata kazi. Mara hii wazo lilikuwa kufuata njia ya misafara ya zamani, familia yote, kutoka kwetu Buyenzi, Bujumbura, hadi Ujiji, tukiambaa ziwa. "Kutoka Bagamoyo ni mbali," alisema kwa huruma. "Tuanze na kipande chetu." Hakuna aliyekuwa ameomba kipande chochote.

Ramani ikabandikwa kwenye friji: Mugere, Rumonge, Nyanza-Lac, mpaka wa Mugina, Manyovu, Kigoma, Ujiji. Jioni watoto walisomeshwa. Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871, akamkuta Livingstone Ujiji kabla mwaka haujaisha. Kisha wote wawili wakapanda mtumbwi wakaja huku kaskazini kutazama kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia.

"Unaingia," alisema mama mkwe, macho kwenye ungo wa ndagala. "Wangemuuliza mvuvi."

Ugomvi ulianzia kwenye mizigo. Baba Sauda alieleza kwamba mpagazi wa zamani alibeba frasila mbili, yaani kilo 32 hivi: majora ya merikani na kaniki, shanga, waya wa shaba. Kwa hiyo kila mtu mfuko mmoja, basi. Mama mkwe akaitikia vizuri, ewaa mwanangu. Asubuhi tukamkuta barazani na jiko, gunia la makala, sufuria ya pilau iliyofungwa kwa kitambaa, birika, mikeka, godoro la mgongo wake na kuku hai wa kumpelekea mdogo wake Kigoma.

"Mama, huo ndio mfuko mmoja?"

"Mfuko wangu mimi ni gari."

Gari lenyewe lilikuwa Hiace ya kuazima. Esanse ilipatikana baada ya shemeji kukesha kwenye foleni, na alipokabidhi funguo macho yake yalikuwa mekundu kama ya aliyetoka matangani.

Kisha ikaja habari ya bendera. Misafara ya pwani ilitanguliwa na kirangozi, na mara nyingi bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilipepea mbele. Sauda akapewa ukirangozi na amri ya kutafuta kitambaa chekundu. Alikipata, hakusema wapi, akakifunga kwenye kioo cha pembeni. Tukashika barabara ya Rumonge, ziwa mkono wa kulia, milima mkono wa kushoto, kitambaa kikipiga kelele kwa upepo. Mama mkwe alikitazama kwa furaha. "Kuna mtu ana kanga kama yangu." Kimya ndani ya gari. Akasogeza uso dirishani. Kwenye pindo palikuwa na alama ya pasi, ya kahawia, umbo la jani la mwembe. "Na pasi kama yangu," akasema.

Tulipofika njia ya kupandia Mugere, kilomita 12 hivi kusini ya mji, Hiace ilikohoa, ikatoa moshi, ikakata kauli. Shemeji alifungua boneti, akaifunga tena kwa heshima kama anayefunika maiti. Tukashuka kusukuma, isipokuwa kuku na kiongozi wa msafara. Kiongozi alitembea pembeni akisoma historia.

Na kwa kweli alikuwa na hoja. Njia hii haijawahi kupenda magurudumu. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society walitoka Saadani na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mbung'o wakawamaliza ng'ombe, mizigo ikarudi vichwani mwa watu. Miaka michache baadaye Annie Hore, mke wa mmoja wao, alikwenda Ujiji na mwanawe mdogo kwa kiti kilichoundwa kuwa na gurudumu. Wapagazi ndio waliokibeba.

"Kwa hiyo tuko sawasawa kabisa na historia!" alishangilia Baba Sauda.

"Historia ilikuwa inasukuma?" aliuliza shemeji kutoka nyuma ya gari.

Tukaiacha Hiace kando, tukapanda kwa miguu. Pilau niliibeba mimi kichwani, mikeka watoto, jiko shemeji. Baba Sauda alibeba ramani. Kuku alibaki kulinda gari.

Jiwe la Mugere ni kubwa, limekaa kilimani, chini yake ziwa na ng'ambo milima ya Kongo. Limechongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe 25 Novemba 1871. Kijana mmoja akatuambia hapa ndipo walipokutana kwa mara ya kwanza. Mume wangu akavimba: la, walikutana Ujiji, hapa walipita tu kwa mtumbwi wakalala siku mbili! Kijana hakukubali kupoteza jiwe lake. Wakabishana mpaka makala yakashika moto.

Mama mkwe akaingilia kati kwa swali moja. "Huko Ujiji mgeni alipofika, nani alipika?"

Hilo Baba Sauda alilijua, maskini, akalijibu bila kuona mtego. Alikuwa Halima, mpishi wa Livingstone, aliyehangaika jikoni siku ile kwa shauku ya kumwandalia mgeni.

"Na jina lake liko kwenye jiwe gani?"

Mume wangu alifungua mdomo, akaufunga, akanyoosha sahani. Mama mkwe akapakua: kwanza kijana wa kijijini, kisha waliosukuma gari, kisha waliobeba. Kiongozi wa msafara alifikiwa sufuria ikiwa inakwanguliwa.

Ujiji hatukufika. Hiace ilivutwa kwa kamba hadi Buyenzi, na kuku akaliwa Ijumaa, Kigoma ikiomboleza kwa simu. Sasa Baba Sauda anazungumzia Tabora. Mama mkwe hajakataa, ametoa masharti tu: gari likaguliwe na fundi anayemchagua yeye, kanga isiguswe, na mwenye wazo abebe frasila mbili, zipimwe kwenye mizani ya muuza mchele kabla ya kutoka. Shemeji ameshakwenda kuulizia mizani.