Marejeo ni Ngamani: Jinsi ya Kuanguka Majini na Bado Ukaonekana Fundi

Kubali jambo moja kabla hujashika bisibisi: utaanguka. Pikipiki ya majini ya kusimama haina kiti. Ikitulia inalala ubavu, na ukivuta mafuta kwa pupa inachomoka na kukuacha nyuma. Wala usidhani kasoro ni yako. Clayton Jacobson II, Mmarekani aliyeibuni, alikuwa mtu wa motokrosi, na husimuliwa kwamba alitaka chombo ambacho dereva akitupwa anaangukia maji badala ya changarawe. Kawasaki walipoileta sokoni miaka ya 1970, ilikuwa imeundwa hivi: mtu akidondoka, chombo kinazunguka polepole palepale kikimsubiri. Kuanguka kulichorwa tangu kwenye karatasi ya kwanza.

Kwa hiyo usione haya kuanguka. Aibu ni kurudi ufukweni ukivutwa kwa kamba, pua ya chombo imezama, na watu uliowaalika waje wakuone wanajifanya wanaangalia simu. Hiyo ndiyo tutakayoikwepa, mimi na wewe, kwa pampu moja ndogo na hila chache.

Wahenga wa pwani walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Lichukue neno hilo kama fundi anavyolichukua. Maji yanayoingia kwenye mlango wa hewa, pembeni mwa boneti, na kwenye sili ya shafti iliyochoka yatatembea mbele na nyuma kadiri chombo kinavyoruka, lakini mwisho yatakaa ngamani, chini ya injini. Usipoteze umri wako ukijaribu kuyazuia yote yasiingie. Yaache yaingie, kisha yatoe kabla mtu hajajua.

Kwanza, ijue hesabu. SuperJet ya Yamaha yenye injini ya mipigo miwili ina uzito wa kati ya kilo 130 na 140 hivi ikiwa tupu. Ndoo mbili za lita ishirini zikiingia tumboni umeongeza kilo 40, zaidi ya robo ya chombo chenyewe, na kilo hizo hazitulii: ukikata kona zinakimbilia upande uleule unaoinamia. Wewe unadhani umesahau kuendesha, kumbe umebeba mtoto wa darasa la sita anayerukaruka ndani ya boneti.

Kiwandani waliweka kinyonyaji, kimpira chembamba kinachofyonza maji kwa nguvu ya mkondo unaotoka nyuma. Ni kizuri, kiache palepale. Ila hufanya kazi chombo kikiwa mbioni, na kipande cha jani kinatosha kukiziba. Ukianguka, kamba ya usalama iliyo mkononi mwako huzima injini, na kinyonyaji nacho hulala saa ileile unayokihitaji. Pampu ya umeme haina habari na injini. Betri ikiwa hai, inafanya kazi.

Pili, nunua ndogo. Najua moyo unataka kubwa. Uzuie. Pampu ya galoni 500 kwa saa, ya volti 12, kama zile za Rule au Attwood, ni ndogo kama kikombe cha chai na hutoa karibu lita 1,890 kwa saa. Hiyo ni lita 31 kwa dakika kwenye karatasi, na pungufu kidogo mpira ukishapanda juu na kupinda. Ndoo zako mbili zitatoka kwa kama dakika mbili, muda uleule unaoutumia kukohoa na kurekebisha jaketi la kuokolea. Kama mfuko unakuwasha, nunua mbili ndogo badala ya moja kubwa. Moja ikizibwa na takataka, ya pili inaendelea, na maji yanatoka pande zote mbili za pua kama chemchemi. Watu watauliza. Wajibu kwa kifupi tu, kana kwamba umezaliwa nazo.

Tatu, mahali. Weka pampu pachini kabisa, nyuma ya injini, karibu na ukuta unaotenga chumba cha injini na pampu kuu inayosukuma chombo. Hapo ndipo maji yanapojikusanya chombo kikitulia. Mvivu hapa ana baraka zangu: usitoboe sakafu ya chombo hata kwa bahati mbaya. Piga msasa, safisha kwa spiriti, gundisha kitako cha pampu kwa epoksi, uache siku nzima ikauke. Njia hii ni fupi, na ndiyo iliyo bora pia. Kitu kimoja tu cha kuogopa ni kapulingi inayozungusha shafti. Mpira au waya ukiigusa utakatwa mara moja, na pampu yako itabaki pambo. Funga kila kitu mbali nayo kwa vifungo vya plastiki, kisha ongeza kifungo kimoja pale unapodhani havihitajiki tena.

Nne, tundu. Hapa mkono hutetemeka, na una haki ya kutetemeka: unakwenda kutoboa chombo ulichokilipia. Chagua mahali pa juu, ubavuni karibu na pua, chini kidogo ya ukingo unaounganisha sitaha na mwili. Chungulia ndani kwanza. Nyuma ya hapo kuna tangi? Waya? Povu la kuelea? Bandika utepe wa karatasi, chora duara kulingana na kitoleo chako (mpira wa kawaida wa pampu hii ni wa milimita 19), ondoka, unywe chai, rudi, upime tena. Msumeno wa duara uzungushe kinyumenyume mwanzoni, ukwaruze rangi bila kuichana, ndipo uugeuze na kuzama kwenye faiba. Vaa barakoa, vumbi la faiba si la kuvuta. Likishapatikana tundu, paka epoksi kwenye kingo zake zilizo wazi zisinywe maji, tia silikoni ya majini, kaza nati kwa ndani.

Kuhusu mpira wenyewe, sheria ni moja: upande hadi karibu na boneti, ndipo ushuke kwenye kitoleo. Ukiuacha ulale chini, siku mdomo ukiwa ndani ya maji, ziwa litajinywesha lenyewe ndani ya chombo chako kupitia njia uliyoilipia. Usijaribu kuunganisha pampu na kile kimpira chembamba cha kinyonyaji ili ukwepe kutoboa. Nimeona watu wakijaribu, na pampu inabaki kuunguruma huku maji yakitoka kama mate.

Tano, umeme. Hila zangu zote zinakoma hapa, rafiki yangu, na nakuomba unisikilize. Chini ya boneti kuna mvuke wa petroli. Cheche moja inatosha. Weka fyuzi kwenye waya chanya, isizidi shubiri moja kutoka kwenye betri, na ukubwa wake uwe ule ulioandikwa kwenye pampu, si ule uliopo kwenye droo yako. Tumia waya wa shaba uliopakwa bati, unaohimili chumvi na unyevu. Maungio yavalishe mipira inayosinyaa kwa moto, yenye gundi ndani. Utepe mweusi wa umeme ni wa nyumbani, majini unabanduka kabla ya Jumapili ya pili. Swichi nayo iwe ya majini, iliyofungwa isitoe cheche. Na kabla ya kuwasha injini kila asubuhi, fungua boneti, ngoja, nusa.

Swichi ya kuelea, ile inayojiwasha maji yakipanda, iache kwa wenye mashua. Chombo hiki kinarukaruka, nayo itawaka na kuzima bila sababu. Wewe taka swichi ya kidole, na uiweke kwenye usukani, pale gumba lako linapofika bila kutafuta.

Hapo ndipo sanaa ilipo. Umeanguka. Umeibuka. Usiogelee kwa fujo. Ogelea kama mtu aliyeamua kupoza mwili. Kama chombo kimepinduka, kigeuze kwa upande unaoonyeshwa na kibandiko kilichoko nyuma, maana kugeuza kinyume kunaweza kupeleka maji kwenye injini. Shika usukani kama unaurekebisha, bonyeza kwa gumba, halafu geukia ufukweni, wapungie mkono watoto. Maji yanatoka huku unatabasamu. Ukisikia mlio wa pampu umebadilika na kuwa mkavu, zima, washa injini, panda. Watakaokuona watasema ulikuwa unapumzika.

Kitoleo kiwe mahali unapokiona ukiwa umesimama, lakini kisielekee usoni kwako. Ukiona mkondo, unajua kazi inafanyika. Na ukianza safari bado mkondo ni mnene baada ya dakika tatu, kuna mahali panavuja: rudi nchi kavu, usibishane.

Vikorombwezo vingine nitavipitia upesi, kwa sababu duka litakusimulia zaidi yangu. Sili mpya ya boneti na mikanda ya kuikaza ni vya lazima. Vinapunguza kazi ya pampu kwa fedha kidogo. Praima, kile kijipampu cha kidole kinachorusha petroli moja kwa moja kwenye kabureta, kinakuokoa na ile stata inayolia na kulia mbele za watu. Mati laini za miguuni, chukua zenye rangi unayoipenda, huo ni ubatili halali. Vishikio vya miguu vina sifa kubwa kwa wanaopindua chombo hewani, lakini kama bado unajifunza kusimama viache, kwa maana mguu ulionaswa hauanguki vizuri.

Mwisho, ndoo. Usiende ziwani kujaribu. Kipandishe chombo kwenye trela nyumbani, mwaga ndoo moja ya maji safi ngamani, bonyeza swichi, hesabu sekunde. Tikisa trela. Tazama kila kiungo. Uvujaji utakaoonekana na jirani mmoja ni bora kuliko utakaoonekana kule Lake Havasu, Arizona, ambako kwa miaka mingi waendeshaji kutoka pande zote za dunia wamekusanyika kila Oktoba kwa fainali za dunia. Siku utakapofika huko, hata kama ni kutazama tu, chungulia chini ya boneti za vyombo vya kusimama. Wanaopaa hewani kuliko wote mara nyingi hubeba pampu mbili.

Na kwa kuwa nimeitaja Havasu, sikiliza jambo hili. Ziwa lile lilizaliwa na bwawa la Parker, lililokamilika mwaka 1938 kwenye mto Colorado, na maji yake husafirishwa kwa mifereji hadi Phoenix na Tucson, na hadi miji ya kusini mwa California. Watu wanayanywa. Injini ya mipigo miwili huchoma oili pamoja na petroli, na hakuna ngama yake isiyo na utando wa mafuta. Pampu yako haichagui: itatema maji, na itatema mafuta. Nunua sifongo inayofyonza mafuta na kuacha maji, bei yake ni ndogo kuliko ya kibandiko kimoja cha mashindano, ilaze ngamani kando ya pampu, ifunge isizibe kichujio. Ibadilishe ikijaa, na iliyojaa usiitupe ufukweni. Fanya hivyo hata kama ziwa lako ni lingine kabisa, na hata kama hakuna anayekutazama.