Bahari Haipunguzi Bei

Mwenzangu mwenye familia, usinidanganye kwamba nyumbani kwako kuna saa moja. Ile ya ukutani ni pambo. Kwetu Tabata kila mtu anakwenda na saa yake, na mimi niliyepewa cheo cha baba mwenye nyumba ndiye ninayehangaika kuzipatanisha.

Mama mkwe anakwenda na redio. Alikuja kutoka Pangani kutusalimia, salamu zikavuka mfungo, zikavuka Idi, na sasa hakuna anayetaka ziishe. Ana redio ndogo ya betri, antena imeungwa kwa waya, na haizimwi mpaka mwenyewe afumbe macho. Watoto wamempa jina la Bibi Idhaa. Mbele yake ni shikamoo Bibi. Nyuma ya mlango ni Bibi Idhaa. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikianza, hata sufuria inatakiwa ichemke kwa adabu. Matangazo ya vifo huyasikiliza ameshika shavu, kwa sababu anaamini siku atakayoyakosa ndiyo siku atakayotajwa mtu wao.

Shemeji yangu, anayekaa kwetu wakati anatafuta chumba, tunamwita Mchambuzi. Saa yake ni ratiba ya ligi. Simba na Yanga zikicheza, uchambuzi unaanza siku tatu kabla na hauna siku ya kuisha. Televisheni ikizimwa sauti, yeye ndiye anakuwa sauti. Nimeshamkuta jikoni usiku anamwelezea dada yake kwa nini beki wa kushoto alichelewa kurudi, na dada yake anamenya vitunguu huku akiitikia, "Ehe, halafu?"

Kijana wetu mkubwa ni Mpiga Picha. Chipsi mayai ikitua mezani lazima ipigwe kwanza kwa juu, kisha kwa ubavu, kisha na soda imeinama pembeni. Mpaka aridhike, mayai yameshapoa na mdogo wake ameshafika katikati ya sahani. Huyo mdogo ni Kwanini, yuko chekechea, na saa yake ni tumbo. Hula kabla ya kula, na baada ya kula huuliza tunakula saa ngapi.

Halafu yuko mwenye nyumba halisi, mke wangu, Mama Bei. Mtaa wa Kongo pale Kariakoo wauzaji wakimwona wanaitana. Hajawahi kulipa bei aliyotajiwa. Muuza kitenge akisema bei, yeye hasemi kitu. Anakunja kitambaa taratibu, anakirudisha, anaanza kuondoka kwa hatua fupi, na kabla hajafika duka la tatu anaitwa. Nauli ya bodaboda hupunguza, bei ya mkaa hupunguza, na mimi mwenyewe nikimwambia nitarudi saa mbili, hunipunguza mpaka saa moja na nusu.

Sasa kusanya watu hawa, uwaambie wachague ufukwe.

Kikao kilikaa sebuleni. Coco Beach ilikataliwa japo mihogo yake kila mtu anaipenda, kwa hoja kwamba tutakutana na Tabata nzima huko huko. Zanzibar ilikufa pale Mama Bei alipojumlisha nauli ya boti kwa vichwa vyote. Kigamboni Mchambuzi aliiwekea pingamizi kwa sababu zake za kimpira, ambazo zilichukua muda wa kipindi cha kwanza chote. Ikabaki Bagamoyo, kama kilomita 65 kutoka Dar, barabara ya lami, na Noah ya kukodi. Siku ikachaguliwa Jumamosi, kwa kuwa mwenye Noah alikubali kushusha bei siku hiyo. Mpiga Picha akafungua simu, akatangaza kwamba kutakuwa na jua kutwa nzima.

Bibi Idhaa alikuwa dirishani. Aliangalia juu, akapunguza redio, jambo ambalo kwetu ni tukio, akasema, "Jumamosi hiyo mwezi mpevu. Mkifika asubuhi mtakuta mchanga."

Mchambuzi wakati huo alikuwa ameshafika kwenye penalti. Aliyesikia ni Kwanini peke yake, akaruka kwa furaha: "Bibi, mimi nitajenga nyumba ya mchanga!" Kikao kikafungwa.

Kufungasha, mwenzangu, unakujua. Familia nyingine huchukua taulo na maji ya kunywa. Yetu ilichukua jiko la mkaa, mkaa wenyewe, sufuria la pilau, mahotipoti, ndoo, jagi, mikeka, mto wa Bibi, na beseni la samaki. Samaki hao Mama Bei aliwanunua alfajiri Soko la Feri. Nilimuuliza kwa upole kama amewaza kwamba tunapeleka samaki Bagamoyo. Akanijibu kwa upole kunizidi kwamba wakishaona tumetoka Dar watatupandishia bei. Beseni likawekwa miguuni kwangu.

Tukapita Ubungo, tukapita Mwenge, na Tegeta foleni ikatupokea. Pale kwenye foleni ndipo utajua Dar inakupenda: korosho, maji baridi, chaja, miwani ya jua, ramani ya dunia, vyote vinakufuata dirishani. Mama Bei alianza kuulizia korosho tukiwa tumesimama. Gari likasogea, muuzaji akasogea. Gari likaongeza mwendo, kijana akaongeza mbio, na bei ikawa inashuka kila hatua. Alipokubali, korosho ziliingia kwa dirisha la mbele na pesa ikatoka kwa dirisha la nyuma. Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga. Redio ya Bibi ilikuwa inasoma vifo, Mchambuzi anapanga kikosi, dereva amewasha muziki wake, na kila mmoja anamwomba mwenzake apunguze.

Tulifika ufukweni saa nne asubuhi. Bahari haikuwepo.

Sitii chumvi. Kulikuwa na mchanga wenye mikunjo midogo midogo, unang'aa kwa unyevu, umenyooka kwenda mbali hadi macho yanachoka. Mashua zimelala ubavu, nanga zao ziko kavu na kamba zimelegea. Kaa wadogo wanakimbia kwa pembeni kuingia mashimoni. Huko mwisho kabisa mstari mwembamba wa buluu. Mpiga Picha aliinua simu, akaishusha, akaigeuza, akainua tena. Kwanini alishika kiuno: "Baba, nani kaichukua bahari?"

Mama Bei aliweka hotipoti chini, akajifunga kanga vizuri, akamwendea mvuvi aliyekuwa anashona wavu kivulini.

"Kaka, habari za kazi. Maji yanarudi saa ngapi?"

"Njema, dada. Saa kumi yatakuwa yamejaa."

"Saa kumi! Hakuna namna ikawa saa saba?"

Mvuvi alicheka mpaka sindano ya kushonea ikamponyoka. "Saa saba yatakuwa njiani, dada yangu."

Akarudi kwetu na uso wa mtu aliyepunguziwa. "Amesema saa saba yanaanza kuja."

Hapo ndipo Bibi Idhaa alipozima redio kabisa. Alikaa kwenye mkeka wake chini ya mkungu, akatuita wote, naye hakuwa na neno la "niliwaambia". Alitufundisha kama alivyofundishwa na marehemu baba yake, aliyekuwa anavua kwa ngalawa kule Pangani. Mwezi ukiwa mpevu, na ukiwa mwandamo, hayo ni maji ya bamvua: yanajaa sana na yanakupwa sana. Katika pwani yetu hii, siku za bamvua maji yanakauka karibu saa nne au saa tano asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Zikipita siku saba, mwezi ukiwa nusu, yanakuwa maji mafu; hayo yamejaa saa nne asubuhi, lakini hayapandi sana wala hayaendi mbali. Mpiga Picha aliitafuta habari hiyo simuni, akakuta tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita 4, akamsomea bibi yake. Bibi akaitikia kwa kichwa, kama mwalimu anayepokea daftari.

Na kwa Bagamoyo, ambako pwani imelala tambarare, maji yakikupwa yanakwenda safari. Hilo ndilo lililoamua mambo makubwa kuliko pilau letu. Enzi za misafara ya pembe za ndovu majahazi yaliweza kuvizia maji, yakaingia yakijaa na kukaa mchangani yakikupwa. Meli kubwa hazikuweza. Zilitia nanga mbali na mizigo ikaletwa kwa mashua. Wajerumani walianza na makao yao makuu hapo hapo, lakini mwaka 1891 wakayahamishia Dar es Salaam, kwenye bandari yenye kina ambayo Sultani Majid wa Zanzibar alikuwa ameanza kuijengea mji miaka ya 1860. Niliwaeleza wangu hayo tukiwa tunatazama mchanga ule ule. Mama Bei akafikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo kodi yetu ya Tabata imeanzia hapa." Na foleni ya Tegeta, nikaongeza.

Kungoja kulikuwa kurefu, na ndani yake ndimo nilimoiona familia yangu. Simu ya Mpiga Picha ilizimika kwa kuishiwa chaji. Alizunguka kidogo, kisha akasimama ubavuni mwa jahazi lililokauka, ambako fundi alikuwa anakalafati. Maji yakikupwa ndipo fundi analifikia tumbo la chombo. Alikuwa anasokota pamba kidoleni, anaichovya kwenye mafuta, anailaza kwenye mwanya kati ya mbao mbili, halafu anaishindilia kwa patasi butu na nyundo ya mti, vipigo vifupi, akisikiliza mlio mpaka ubadilike. Kijana wangu aliomba asokote. Fundi akampa pamba. Nilimwangalia kwa mbali akisokota, anarudishiwa, anasokota tena, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama alivyokuwa anajifunza kuandika. Mikono yake ilirudi inanuka mafuta siku nzima na hakuna picha hata moja ya jambo hilo.

Mama Bei yeye alikwenda mnadani, soko la samaki karibu na jengo la zamani la forodha, na huko akakutana na ulimwengu uliopinduliwa. Mnadani bei inapanda. Fungu la changu linawekwa chini, mnadishaji anataja, na kila anayefungua mdomo anaongeza. Alitazama raundi mbili kimya, mikono kifuani. Raundi ya tatu akawageukia kina mama wa kukaanga waliosimama pembeni, akanong'ona nao, wakanyamaza wote kwa pamoja. Fungu likaenda kwa bei ya kwanza, wakagawana. Alirudi na changu wabichi na marafiki wapya, wakatukaangia, na beseni la Feri likakaangwa humo humo ili lisijisikie vibaya. Tukala samaki wa Dar na wa Bagamoyo, pilau, mihogo na pilipili mbuzi. Kwanini alikula na kila aliyekuwa anakula.

Maji yalikuja kama Bibi alivyosema. Kwenye pwani tambarare hayaji kwa kishindo. Yanatambaa, yanazunguka mashua moja moja, yanaiinua, na mashua inasimama. Kufikia saa kumi yalikuwa yamejaa tele, na kwa mara ya kwanza tangu niwajue watu hawa, wote walitaka kitu kimoja wakati mmoja. Wakanikabidhi mali zao. Mpiga Picha akanipa simu. Mchambuzi, ambaye mechi yake ilikuwa inaanza saa hiyo hiyo, akanipa simu yake pia. Mama Bei akanipa pochi. Bibi Idhaa, kanga imefungwa kifuani, akanipa redio: "Shika, baba, isiloe." Akaingia majini ameshikana mkono na Kwanini, wakakaa wote wawili wakisubiri wimbi liwapige mgongoni.

Mimi sikuogelea. Mtu wa kushika vitu lazima awepo, na katika kila familia anajulikana. Nilisimama maji magotini, mikono imejaa saa zao zote zilizozimwa, na nakuambia mwenzangu, niliridhika. Mji umetuzoesha kwamba kila mmoja anaweza kupata wakati wake: anayetaka mpira ana chaneli yake, anayetaka habari ana idhaa yake, mwenye njaa anaagiza chipsi saa anayotaka. Tunaishi chumba kimoja na hatukutani. Bahari haimhudumii mtu mmoja mmoja. Ina saa yake, haipunguzi, na ukiisubiri itabidi usubiri na wenzako. Kwa hiyo ushauri wangu kwako ni huu: usiogope kuwapeleka watu wako mahali ambapo itawabidi wangoje pamoja. Chakula kiwepo, kivuli kiwepo, na mzee awepo wa kueleza mnangoja nini.

Njiani kurudi, kabla hatujafika Mapinga, safari ijayo ilikuwa imeshapitishwa bila kura yangu. Ni Pangani, kwa kina mama wadogo. Tarehe ataipanga Bibi kwa kuangalia mwezi. Imesemwa kwamba wavuvi, mafundi na majirani wa huko tutawaona wote, na majirani wawili wa Tabata wameshaalikwa kwa simu ya dereva. Noah haitatosha. Nimeagizwa nikaulizie bei ya Kosta, niulize tu na kuondoka. Kupunguza atakwenda mwenyewe.