Kromu ya Kamati

Mutanga Sud, hapa Bujumbura, ni mtaa wa watu wanaolaza magari yao ndani ya geti. Langu linalala nje kwa kuwa haliingii getini. Ni lori la Chevrolet la mwaka 1952: kioo cha mbele vipande viwili, mashavu yaliyovimba kama ya mtu anayeugua jino, na grili ya pau tano za chuma zilizolala. Baba mkubwa alilinunua mji huu ukiwa bado unaitwa Usumbura, akabebea pamba ya tambarare ya Imbo mpaka wote wawili wakachoka. Nililirithi mimi kwa sababu siku ya kikao cha mirathi binamu zangu wote walipata dharura.

Majirani wana maoni yao. Wanafunzi wanaoshuka kutoka kampasi ya Mutanga kuelekea Nyakabiga hupiga nalo picha. Mama wa nyumba ya pili huniuliza kwa upole, kila baada ya mvua kubwa, kama nimeshapata mtu wa vyuma chakavu. Humjibu kwamba injini inawaka, na inawaka kweli. Kinachokosekana ni petroli, na katika hilo lori langu ni sawasawa na magari mapya yaliyolala ndani ya mageti.

Basi mpwa wangu akatangaza ndoa, akaja na ombi lake: angependa kwenda kanisani na lori la babu. Nikakubali kabla hajamaliza kusema. "Lakini mjomba," akasema, "ling'ae."

Anayezijua harusi za Bujumbura anajua kwamba kuanzia hapo jambo si lako tena, ni la kamati. Kamati yetu ilikutana baa, Primus mezani, mishikaki ikija kwa zamu, na daftari la michango mikononi mwa mwenyekiti. Mwenyekiti ni shemeji yangu, mtu ambaye hajawahi kushika spana ila anaamini kwamba jambo likishaandikwa limekwisha. Akaandika "Kromu" kati ya "Keki" na "Mpiga picha", akaweka mbele yake kiasi cha fedha alichokitoa kichwani, akaita mjumbe anayefuata.

Nikashuka Buyenzi. Kwa mambo ya chuma huendi kwingine. Barabara zake zina namba badala ya majina, Kiswahili kinatamba tangu enzi za Wabelgiji, na hukosi mtu wa kukufufulia chochote, kuanzia springi ya lori mpaka kufuli ya sanduku. Fundi niliyeelekezwa aliitazama ile grili na bampa, akavigonga kwa kidole.

"Kromu, shefu? Hii kazi ya nusu saa."

Siku ya kuvichukua nilivikuta vimeegemezwa ukutani vinamulika mtaa mzima. Furaha yangu ilidumu mpaka nilipovishika. Viganja vikawa vya fedha, suruali ikawa ya fedha, na pua, kwa kuwa nilijikuna, nayo ikawa ya fedha.

"Fundi, hii ni rangi."

"Ndiyo, shefu. Rangi ya kromu. Imeandikwa kwenye kopo."

Akalileta kopo. Kweli neno lilikuwepo, na picha ya gari jekundu chini yake. Utabishana vipi na maandishi?

Aliyenionea huruma ni mzee mmoja anayechaji betri hatua chache kutoka hapo. Ujanani aliwahi kufanya kazi Nairobi kwenye kiwanda cha kuchovya vyuma. Aliniketisha juu ya betri mbovu akanipa darasa. Kromu haifichi kitu, alisema, inatangaza. Shimo la kutu utakaloliacha chini yake utaliona ukiwa ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo kwanza ni kukwangua, kisha msasa mkali, msasa laini, msasa laini zaidi, halafu gurudumu la kitambaa mpaka chuma kikuonyeshe meno yako. Hapo bado hujaanza. Unakichovya kwenye shaba, unakisugua tena, unakichovya kwenye nikeli, na mwisho kabisa, kwa dakika chache tu, kwenye kromu. Kinachong'aa hasa ni ile nikeli, nayo ni ya mikroni 20 au 30. Kromu juu yake haifiki hata mikroni moja, mara nyingi ni chini ya nusu, wakati unywele wa kichwa una mikroni 70 hivi. Kazi yake ni kuilinda nikeli isififie na kuitia ule weupe wa kibuluu. Yaani kichwa cha habari chote kwenye daftari la shemeji kilikuwa juu ya kitu chembamba kuliko unywele mara mia na zaidi.

Nikiwa pale juu ya betri nilifanya hesabu ya ramani iliyoniudhi mpaka leo. Shaba iko Kolwezi na Likasi, kusini mwa Kongo. Nikeli tunayo wenyewe: Musongati, kule Rutana, kuna hazina kubwa iliyogunduliwa tangu miaka ya 1970, na ukivuka mpaka kuingia Ngara utaikuta nyingine Kabanga. Kromu ipo Zimbabwe na Afrika Kusini kwa milima. Zote tatu zingeweza kufika Mutanga kwa lori, hata langu, petroli ikipatikana. Lakini mtu wa kuzipanga juu ya bampa moja mjini kwetu sikumpata.

"Na umeme kwenu ukoje?" mzee akauliza. Maana bafu la kromu linataka umeme mnyoofu usiokatika. Ukikatika katikati na kurudi, kromu ya pili haiikubali ya kwanza, nayo hubanduka magamba. Nilimweleza umeme wetu ulivyo. Tulicheka wote wawili, yeye zaidi.

Akaongeza, bila kucheka, kwamba asidi ya kromu si ya mchezo. Mvuke wake husababisha kansa ya mapafu, na wafanyakazi wa zamani walikuwa wakitobolewa nao ukuta wa kati wa pua. Ulaya, tangu Septemba 2017, kiwanda hakiruhusiwi kuitumia bila kibali maalumu. Nikaishika pua yangu, ambayo bado ilikuwa ya fedha.

Nyumbani kijana wangu anayesoma kemia alikuwa na wazo. "Baba, kromu tuiache. Shaba tunaiweza. Mruturutu unauzwa kwenye maduka ya dawa za kilimo, tunahitaji ndoo tu." Mama watoto, aliyekuwa anachambua ndagala, hakuinua kichwa. Aliuliza swali moja tu: "Ndoo ipi?"

Tulikisugua kifuniko cha gurudumu mpaka chuma kikawa uchi, tukakizamisha kwenye yale maji ya buluu. Sikuamini macho yangu. Kabla sijavuta pumzi ya pili kilitoka chekundu, shaba tupu, kizuri cha kuweka sebuleni. Nilipiga kelele mpaka mlinzi wa jirani akachungulia juu ya ukuta. Nikamwonyesha, nikachukua kitambaa ili nikifute vizuri akione, na shaba yote ikahamia kwenye kitambaa. Mlinzi akarudi kazini kwake. Kijana akanieleza kwamba ndivyo inavyokuwa: chuma huivuta shaba kutoka kwenye maji yenyewe, bila umeme, lakini hushindwa kuishika. Alikuwa anajua tangu mwanzo. Alitaka kuona. Ndoo ikawa ya buluu na ikawa yetu moja kwa moja, kwa hukumu isiyo na rufaa.

Kamati ikajadili kupeleka vyuma Nairobi. Tangu mpaka wa Rwanda ufungwe Januari 2024 njia ni kuzunguka Tanzania, na bampa la lori si mzigo wa kuweka mapajani. Kondakta mmoja wa basi alisema litalipiwa viti viwili na bima ya abiria watakaogongwa nalo. Mwenyekiti akalinganisha nauli ya bampa na bei ya keki. Keki ikapita bila kupingwa.

Nikarudi kwa mzee wa betri, safari hii na grili tu, nimwombe walau makisio ya nauli na kazi. Akauliza lori ni la mwaka gani. Nikamwambia. Akatoa wembe mfukoni, akaigeuza grili, akaanza kukwangua nyuma, pale bolti zinapoingia, mahali pasipofikiwa na brashi ya mvivu. Ikatoka fedha ya Buyenzi. Chini yake kijani, kisha buluu ambayo hata mimi niliikumbuka, kisha rangi ya kijivu iliyokauka kama ganda. Chini ya kijivu, chuma. Hapakuwa na nikeli wala kromu.

"Kijana wangu," akaniambia, nami nina mvi, "hii haijawahi kuiona kromu." Kisha akanikumbusha vita ya Korea. Nikeli ilitakiwa na jeshi, serikali ya Marekani ikaibania, na magari ya 1951 mpaka 1953 mengi yakatoka viwandani yakiwa na kromu hafifu isiyo na nikeli ya kutosha chini yake, iliyokula kutu upesi, au yamepakwa rangi tu pale palipozoeleka kung'aa. Kwa hiyo yule fundi wa kopo, kwa nusu saa yake, alikuwa karibu na kiwanda kuliko sisi wote.

Niliipeleka habari hii kwenye kamati nikiamini nimewaokolea fedha. Mwenyekiti alinisikiliza, akafungua daftari, akaweka kidole juu ya mstari. Michango ya kromu ilikwisha kusanywa, alisema, na watu walichanga wakijua ni kromu. Historia ya Korea haikuwemo kwenye ajenda.

Fundi akaitwa tena, akapiga mkono wa pili alfajiri ya harusi, kulekule Mutanga Sud, kukiwa na manyunyu. Petroli tuliichangisha kwa madumu. Lori likashuka na honi zake, limeng'aa kweli, na mbele ya kanisa mpiga picha akamwomba bwana harusi aegemee grili, mikono mfukoni, aangalie mbali. Aliangalia mbali kwa muda mrefu. Alipogeuka kumshika mkono mkewe, mgongoni mwa koti jeusi palikuwa na mistari mitano ya fedha, imelala sambamba, imepimwa na General Motors. Alicheza nayo usiku kucha. Mama mmoja kutoka upande wa bibi harusi aliniuliza suti hiyo imetoka Dubai au Istanbul.

Kwenye kikao cha kufunga hesabu mwenyekiti alisoma mstari kwa mstari. Keki: imelipwa, imeliwa. Kromu: imelipwa, imepakwa, nyingine iko kwenye koti. Mpiga picha: amelipwa. Niliomba pale kati pasahihishwe, paandikwe "rangi". Akaniambia daftari limeshafungwa, nisogeze mishikaki.