Muulize Mjomba Sabufa

Wiki hii barua zote ni vilio vya besi. Mapenzi, mirathi na ukorofi wa wenye nyumba vitasubiri.

*Mjomba, shikamoo. Mimi naishi kwa singeli. Nimenunua amplifaya ya mfukoni yenye swichi ya kuongeza besi, nikaichomeka kati ya simu na iafoni zangu. Kelele zimezidi, besi siioni. Nikizikandamiza iafoni kwa vidole, mdundo unarudi, nikiachia, unaondoka. Nimeuziwa feki? – Niliyekimbiwa, Mbagala*

Marahaba, mpwa wangu. Kabla hujaenda kumkaba muuzaji, isome tena barua yako. Ukikandamiza, unarudi. Umejipima mwenyewe, umejipa majibu mwenyewe, kwangu umefuata muhuri tu.

Iafoni ya kuingiza ndani ya sikio hutoa besi kwa kuisukuma hewa iliyofungiwa kati yake na ngoma ya sikio lako. Hewa ile ikipata upenyo, hata mwembamba kama unywele, msukumo wa besi unavujia nje kabla haujakufikia, ilhali sauti nyembamba za kinanda na matoazi zinaendelea kukuchoma kama kawaida. Ndiyo maana unasikia kelele bila mdundo. Amplifaya haizibi upenyo. Pipa lako limetoboka, nawe umekwenda kununua bomba kubwa zaidi.

Rudi kwenye boksi ulilolitupa juu ya kabati. Mara nyingi huwa mna vimpira vya saizi mbili tatu, ambavyo watu hudhani ni vya akiba. Vijaribu kimoja kimoja. Masikio ya mtu mmoja hayalazimiki kulingana: ukivaa kikubwa kushoto na cha wastani kulia, hakuna atakayekushtaki. Nanyi mnaovaa hedifoni kubwa juu ya ushungi, kofia au mikono minene ya miwani, kesi yenu ni hiyohiyo. Mto wa hedifoni unataka ngozi.

*Mjomba Sabufa, kaka yangu aliye Hamburg amenizawadia Sennheiser HD 600. Nikichomeka kwenye simu, naambulia mnong'ono. Rafiki ananishawishi ninunue amplifaya, mke wangu anasema ni njia ya kula ada ya watoto. Nani mkweli? – Baba Wawili, Mombasa*

Wote wawili, na hapo ndipo penye uchungu. Hedifoni hizo zimekuwa sokoni tangu 1997 na ukinzani wake ni omu 300, wakati nyingi za kutumia na simu zina omu 16 au 32. Simu yako haina volti za kutosha kuzisukuma. Hapa amplifaya ni dawa ya ugonjwa halisi.

Ila usinunue kwa ajili ya swichi ya besi. HD 600 ni za mgongo wazi, hewa inapita kwa makusudi, na ule mtetemo wa chini kabisa si kazi yake. Hata amplifaya ya mfukoni kama FiiO E11, ambayo ina swichi ya namna hiyo, haiwezi kuubadili mwili wa hedifoni. Halafu piga hesabu: kila desibeli 3 unazoongeza zinadai nguvu maradufu. Swichi ikipandisha besi kwa desibeli 6, unadai nguvu mara nne, tena kutoka kwenye betri ndogo. Ukiwa umeshawasha besi kwenye programu ya simu, ukawasha na ya kwenye amplifaya, muziki utagonga dari na kuanza kukwaruza. Besi iongezwe mahali pamoja, kisha sauti ya jumla ishushwe kidogo ili ipate nafasi ya kupumua.

Ada ilipwe kwanza.

*Mjomba, nina hedifoni za Bluetooth na amplifaya ya mfukoni. Waya wa amplifaya nauchomeka wapi? – Mwenye Haraka, Nakuru*

Huuchomeki. Hedifoni za Bluetooth zina amplifaya yake tumboni. Kama duka linakubali kurudishiwa, kimbia leo. Besi utaiongeza bure kwenye mipangilio ya simu.

*Mjomba, mume wangu kila jioni yuko na hedifoni na kile kiboksi chake cha amplifaya chenye swichi ya besi. Kila wiki anapandisha sauti, anadai besi haitoshi. Nikimwita hasikii. Usiku analalamika masikio yanapiga filimbi. – Mama Mvumilivu, Tanga*

Mama, kwanza fanya jaribio. Akiwa amezivua, nong'ona ukiwa jikoni kwamba pilau imeiva. Akifika mbio, masikio bado yapo na shauri lenu ni la ndoa. Lakini hiyo filimbi sicheki nayo.

Mwaka 1933 watafiti Fletcher na Munson wa Marekani walionyesha kwamba sauti ikiwa ya chini, sikio la binadamu huipoteza besi kwanza. Kwa hiyo mumeo hana uroho. Anapandisha kila kitu ili apate kimoja, na humo ndimo anamoumia. Shirika la Afya Duniani linamruhusu mtu mzima desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Akifika 90, saa zinabaki 4. Mumeo huzimaliza Jumatatu na Jumanne, kisha anaanza kukopa kwenye masikio ya uzeeni.

Sasa ajabu: kiboksi anachokitumia kujidhuru kinaweza kumsaidia. Awashe ile swichi ya besi, kisha ashushe sauti mpaka akusikie ukimwita kutoka hatua chache. Mdundo atabaki nao, kelele itaondoka. Akiwasha swichi na kuacha sauti palepale, amejiongezea balaa tu.

Filimbi isipokoma baada ya siku chache za kupumzika, mpeleke kwa daktari wa masikio, na hedifoni zibaki nyumbani. Seli za kusikia zikifa hazioti tena, na hakuna amplifaya inayouzwa popote ya kuzifufua. Akibisha, chomoa waya, umwambie Mjomba ndiye aliyeagiza.