Kufuli la Baba, Pindo la Mama

Mwaka huo pamba ilikubali hapa Sapiwi, nami nikapima mara mbili: mara ya kwanza mbele ya mama watoto, mara ya pili peke yangu. Fedha ya mara ya pili nikamkopesha mdogo wangu aongezee kwenye pikipiki. Stakabadhi za pamba hiyo nikazipiga picha ili deni lisipotee, karatasi zenyewe nikazichoma. Picha nikazitia kwenye kompyuta, folda moja na video ya sendofu ya binti yetu, kisha folda nzima nikaipiga kufuli.

Kompyuta yenyewe ni mtumba wa ofisini, Windows 7 Professional, yenye kufuli liitwalo EFS. Unabofya mara mbili tatu, majina ya faili yanageuka kijani, basi. Ukiingia kwa jina lako, kila kitu kinafunguka bila swali. Mwingine akiingia kwa lake, anaambulia kusoma majina. Windows ilinikumbusha nihifadhi nakala ya ufunguo. Ule ujumbe niliufukuza kama nzi.

Siku moja nikataka sendofu ionekane kwenye TV. Nikachomeka flashi ya GB 32, tupu kabisa, nikanakili folda. Windows ikauliza: faili hizi zitaingia huko bila kufuli, unakubali? Nikabofya ndiyo, kama ninavyobofya ndiyo kila siku. Picha zikapita. Video, GB 6, ikakataliwa: faili kubwa mno. Nikaitukana flashi, nafasi si hiyo hapo!

Leo ndiyo najua. Diski ni kihenge. Mfumo wa faili ni mpango wa ndani: michembe huku, dengu kule, na nani anajua nini kimelala wapi. Flashi yangu ilipangwa kwa FAT32, mpango wa zamani ambao karibu kila TV inauelewa, lakini faili moja haifiki GB 4 hata kihenge kikiwa kitupu. Wala haukuwa na mahali pa kutundika kufuli langu. Kufuli lilikaa kwenye NTFS, mpango uliokuja na Windows NT mwaka 1993. Faili ikihamia kwenye FAT32, inaliacha mlangoni na kuingia uchi.

Kompyuta ikaanza kujikokota, nikaipeleka kwa fundi Bariadi mjini. Akatoa HDD, ile yenye sahani za kuzunguka, akaweka SSD isiyo na kinachozunguka, na Windows mpya juu yake. HDD akaivalisha kasha la USB. Chumba cha C, kilichokuwa na Windows ya zamani, akakifuta. Cha D, chenye folda yangu, hakukigusa. “Mzee, data zako zote zipo,” akasema. Hakudanganya.

Jumapili mkwe akaja na shemeji kuangalia sendofu. Mwadila, mayu, viti vikatolewa, soda zikafunguliwa. Nikabofya video. Huna ruhusa. Nikabofya tena. Huna ruhusa. Jina la kuingilia ni lile lile, nywila ile ile! Lakini kwa Windows mpya mimi nilikuwa mgeni aliyefanana jina na mwenye nyumba. Ufunguo wa kweli ulikuwa C, umeondoka pamoja na vilivyofutwa. HDD haikuwa na kosa, SSD haikuwa na kosa. Mlango ulikuwapo, mwenye ufunguo hayupo.

“Shemeji, si kuna flashi hapa?” Kabla sijameza mate, imeshachomekwa kwenye TV. Inchi 32 zikajaa stakabadhi: jina langu, tarehe, kilo. Mama watoto akasogea, akasoma kilo kwa sauti kama karani wa AMCOS, chama chetu cha ushirika. Picha ya pili. Ya tatu.

“Baba watoto, pamba hii ilitoka shamba lipi?”

Mkwe akaomba maji, ingawa soda yake ilikuwa bado nusu.

Nilichotaka kuonyesha kilikuwa kimefungwa hata kwangu. Nilichotaka kuficha kilikuwa sebuleni. Video tuliipata kwa mpiga video, aliyekuwa bado na nakala, nikalipa mara ya pili. Flashi tukaifomati kwa exFAT, mpango wa mwaka 2006 usiosumbuliwa na GB 6, baada ya kuhakikisha TV inausoma. Na folda nimeifunga upya, safari hii ufunguo nikautoa nje ya kompyuta na kuuweka kwenye flashi nyingine, ndogo kama punje ya hindi.

Flashi hiyo iko kwenye pindo la kanga la mama watoto. Nywila yake aliichagua yeye. Nikiiomba, ananiuliza kwanza: “Umepima mara ngapi?”